Sahani za Nyanya

Mwanaisha: Assalaam aleikum jamani. Niko South C hapa Nairobi napakia vitu vya marehemu Nyanya, funguo tunarudisha mwisho wa mwezi. Sahani za Idd zimebaki tisa. Moja ina ufa toka ukingoni hadi katikati, umezibwa kwa gundi iliyogeuka manjano. Nyuma zimegongwa WEDGWOOD ETRURIA ENGLAND. Ukipitisha kidole unayasikia maandishi.

Bakari: Waaleikum salaam. Nina mtu Ngara ananunua vyombo vya zamani. Nimuulize bei tugawane?

Ami Salim: Bakari mwanangu, ngoja kwanza. Wewe unauza vyombo Kamukunji, historia hii ni ya kazi yako.

Bakari: Nijuze Ami.

Ami Salim: Hao Wedgwood walikuwa ukoo wa wafinyanzi wa Burslem, Uingereza. Josiah Wedgwood alizaliwa 1730. Baba yake akafa yeye ana miaka tisa, akaingia karakana ya kaka yake. Ndui ikamharibu goti. Gurudumu la mfinyanzi lilizungushwa kwa mguu, na wake hauna nguvu. Basi akaugeukia udongo wenyewe na rangi: achanganye, achome, aandike daftarini, arudie tena. 1759 akaanza biashara yake. 1768 mguu ukakatwa. Mwaka uliofuata akafungua kiwanda cha Etruria, ndilo jina hilo mnalolisoma.

Mwanaisha: Subhanallah! Mwaka mmoja tu baada ya kukatwa mguu?

Ami Salim: Ndiyo. Malkia Charlotte akawa mteja wake, na Malkia Catherine wa Urusi akaagiza vyombo zaidi ya 900. Lakini sikiliza hili Bakari. Barabara zao zilikuwa mashimo matupu. Mzigo unabebwa na farasi, ukifika umekuwa vigae. Josiah akapigania wachimbe mfereji, mashua zipite hadi mlangoni kwa kiwanda. Ulikamilika 1777.

Bakari: Wallahi namwelewa. Katoni ya vikombe ikitoka Mombasa, kabla sijaifungua naitikisa nisikilize.

Ami Salim: Na 1787 akatengeneza nishani ndogo ya udongo, Mwafrika amepiga magoti na minyororo, na maneno: “Je, mimi si mtu na ndugu?” Wanawake wakaivaa kwenye bangili na nywele. Miaka hiyo huku kwetu Kilwa watu walikuwa wanauzwa kwa Wafaransa. Nikiikumbuka nishani ile roho hunisisimka.

Bakari: Kampuni bado ni ya ukoo?

Ami Salim: Hapana. Waliishika zaidi ya miaka 200. 1940 walihamia kijiji cha Barlaston, 2009 ikafilisika, na tangu 2015 iko kwa kampuni ya Fiskars ya Ufini. Jina limebaki.

Shangazi Zuhura: Nimewasoma tangu asubuhi. Sahani hizo Babu yenu alizinunua kwa Mzungu aliyekuwa anarudi kwao, zikiwa kumi na mbili. Nyanya ni mtu wa Lamu. Kwao sahani nzuri hukaa kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na pale Mambrui mabakuli ya Kichina yamejengewa hadi kwenye nguzo ya kaburi. Alipoletwa Nairobi akakuta kuta hazina zidaka. Ndiyo akanunua lile kabati la vioo, akalilipia kidogo kidogo kwa pesa za mahamri.

Mwanaisha: Hilo la mahamri sikulijua Shangazi.

Bakari: Basi bei siulizi. Jumamosi nakuja na kadibodi na magazeti, nizifunge moja moja. Msizilaze, zisimamisheni kwa ukingo.

Ami Salim: Mungu akubariki. Zikae wapi sasa?

Shangazi Zuhura: Nane mtaamua wenyewe. Ile ya ufa nipeni mimi. Niliiangusha siku ya Idd nikiwa na miaka minane. Nyanya hakunigombeza. Aliokota vipande akavitia kwenye leso yake, na usiku nikamwona jikoni anaviunganisha kwa taa ya chemni.

Mwanaisha: Nimeshaitenga Shangazi. Nimeifunga kwa leso.