Naomba ushauri: kuhamisha avokado ya miaka sita kutoka Umoja, Nairobi

MpangajiUmoja: Wadau, usingizi umenipaa. Nina avokado aina ya Hass, miaka sita, shina nene kama paja. Nataka kuipeleka Kitengela mwezi huu. Nichimbe kina gani isife?

FundiMiche: Mizizi mingi ya avokado iko juu juu na haipendi kuguswa. Kwa umri huo unauzungushia mti mtaro, unakata mizizi, unarudishia udongo, unangoja miezi mizizi mipya itoke. Ndipo unang'oa, mvua ikianza. Haraka ya nini?

MamaRuaka: Sisi tulisogeza ndimu ya marehemu mama mkwe hatua kumi tu. Ikapukutisha majani yote. Mume wangu akasema mama amekasirika, na mpaka leo wifi yangu hali kwangu.

BabaMapacha: Nunua mche uliopandikizwa, mwaka wa tatu unaanza kuchuma. Unabeba mti kama sofa?

FundiMiche: Mwenye uzi, hujanijibu. Na ploti ni ya nani?

MpangajiUmoja: Ya mwenye nyumba. Nina notisi, natoka tarehe 30. Lakini mche nilinunua mimi, maji nikabeba mimi. Na Jumamosi nilishakata mizizi upande wa jikoni. Lori nimelipia nusu.

MzeeWaKanisa: Kijana, kilichoota kwenye shamba la mtu ni cha mwenye shamba. Muombe kwanza.

BabaMapacha: Mwandikie Rais. 2020 ule mti mkubwa wa mugumo wa Waiyaki Way, Nairobi, ulikuwa ung'olewe upishe barabara, Rais akatoa amri usiguswe, ukabaki.

Mchunguzi: Ngojeni. Mbona Machi uliandika humu kwamba wapangaji wako wa Umoja hawalipi? Jamani, huyu ndiye landilodi! Hakuna mti wala lori.

MpangajiUmoja: Akaunti tunatumia wawili, mimi na mjomba.

Mchunguzi: Mjomba ndiye mwenye ploti?

MpangajiUmoja: Ndiyo.

MamaRuaka: Uuuwi! Na anasoma humu?

FundiMiche: Rudishia udongo upande wa jikoni leo hii, umwagilie. Kitengela nyingi ni ule udongo mweusi unaotuamisha maji, mizizi itaoza usipopanda juu ya tuta. Hayo mengine ni ya ukoo wenu.

MpangajiUmoja: Asante. Matawi nipunguze kiasi gani? Lori linakuja kesho saa kumi na mbili asubuhi.