Sudan Kusini: tukate misaada, au tuwabane wenye mafuta?

Ndugu zangu, kuna hoja inazidi kupata wafuasi: Sudan Kusini ikatiwe misaada, huenda viongozi wake wakashika adabu. Hasira hiyo naielewa. Nchi ilipata uhuru Julai 2011, na Desemba 2013 ugomvi wa Rais Salva Kiir na Riek Machar, aliyekuwa makamu wake, ukaitumbukiza vitani. Mwaka 2017 njaa ilitangazwa katika maeneo ya Leer na Mayendit, kaskazini mwa nchi, na muda si mrefu serikali ikatangaza kupandisha ada ya kibali cha kazi kwa wataalamu wa kigeni hadi dola 10,000, wakati wengi wao walikuwa wamekuja kuokoa watu wake. Inauma.

Hata hivyo nakataa kukata chakula. Jenerali hali unga wa msaada. Anayeula ni mama wa Leer aliyechomewa kijiji, na mara nyingi unamfikia kwa kudondoshwa na ndege kwa sababu mvua zikianza barabara hazipitiki. Wakubwa wana fedha za mafuta, na hizo hazipiti kwa wafadhili. Ukifunga ghala la chakula, umemkosa mlengwa.

Tuseme ukweli kuhusu upatanishi pia. Januari 2015 CCM iliwakutanisha Arusha vigogo wa SPLM, chama tawala cha Sudan Kusini kilichogawanyika, wakasaini kurudisha umoja wa chama. Agosti wakasaini mkataba mwingine. Julai 2016 Juba ikawaka moto upya. Mkataba wa 2018 wakausaini Addis Ababa, Papa Francis akawapigia magoti Vatican mwaka uliofuata na kubusu viatu vyao, na bado uchaguzi umekuwa ukiahirishwa tu, safari hii hadi Desemba 2026. Machi 2025 Machar akawekwa kizuizini nyumbani kwake, Septemba akashtakiwa kwa uhaini.

Kwa nini wasaini na kuvunja bila woga? Kwa sababu hakuna wanachopoteza, na hapo sisi majirani tumo. Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Mwaka huohuo ripoti ya The Sentry, shirika linalochunguza ufisadi, ilionyesha kwamba familia za Kiir na Machar zina nyumba za kifahari Nairobi. Uganda nayo imepeleka wanajeshi kumsaidia Kiir, 2013 na tena 2025. Tunawapatanisha huku tunawatunzia mali na kumpa mmoja wao askari!

Pendekezo langu: chakula na dawa viendelee kwenda kwa raia. Posho na hoteli za mazungumzo zisimame mpaka mapato ya mafuta yatangazwe hadharani. Kenya na Uganda zichunguze nyumba na akaunti za vigogo wa pande zote mbili, zisizoelezeka chanzo chake zizuiwe.

Wapo watakaosema huko ni kuingilia uhuru wa jirani. Nyumba iliyojengwa Nairobi iko chini ya sheria za Kenya. Anayepinga anijibu hili: ni kitu gani kingine, tofauti na mkataba mpya, kitakachowafanya waogope kurudi vitani?