Mgodi ukipanuka Nyamongo, njia ya kijiji ikifungwa fidia yake iko wapi?

Wakuu, naleta hoja hii tuijadili kwa uzito wake. Mgodi unapoomba kupanua shimo, lundo la kifusi au bwawa la topesumu (matope yenye kemikali yanayobaki baada ya kuchenjua madini), tathmini ya barabara isihesabu magari peke yake. Ihesabu waenda kwa miguu, bodaboda, baiskeli na mifugo, na ionyeshe kila njia itakayofungwa na nani anaitumia. Bila hivyo, kibali kisitoke.

Nachukua mfano wa Nyamongo, Tarime. Mgodi wa dhahabu wa North Mara ulianza kuzalisha mwaka 2002, na machimbo yake hayako pamoja: Gokona na Nyabigena upande mmoja, Nyabirama upande mwingine. Vijiji kama Kewanja na Nyangoto viko jirani kabisa na mashimo hayo. Mahali kama hapo, eneo la uchimbaji likiongezeka kidogo tu linagusa njia ya shule, ya kisima, ya shamba au ya kupeleka ng'ombe mtoni.

Wengi wakisikia athari za usafiri wanafikiria malori yanayobeba dhahabu. Lakini mgodi kama huu hutoa dhahabu ya takribani tani 10 kwa mwaka mzima, mzigo wa lori moja. Kinachojaza barabara ni kinachoingia: dizeli, chokaa, sianidi, mipira ya chuma ya kusagia mawe, matairi, chakula na mabasi ya wafanyakazi. Shimo likipanuliwa, vyote hivyo huongezeka. Na uharibifu wa barabara haupandi sawasawa na uzito. Mzigo kwenye ekseli ukiwa mara mbili, lami huumia karibu mara 16. Hili wahandisi wetu wanalijua na hulipima vizuri, kwa hiyo silirefushi.

Lisilopimwa ni njia inayokufa. Familia inapohamishwa, mthamini anaandika ardhi, nyumba, mazao na makaburi, kisha zinaongezwa posho za usumbufu, makazi na usafiri. Posho ya usafiri kwa kanuni za fidia ya ardhi za mwaka 2001 ni gharama ya kuhamisha mizigo ya tani 12 ndani ya kilomita 20. Inalipwa mara moja, kwa anayehama. Aliyebaki hapati kitu, hata kama njia yake ya kwenda zahanati sasa inazunguka uzio wote. Nyumba yake haikuguswa, kwa hiyo kwenye fomu hayupo.

Tuseme mtoto alikuwa anatembea kilomita 2 kwenda shule, na baada ya upanuzi anatembea 5. Nyongeza ni kilomita 6 kwa siku, kwenda na kurudi. Kwa mwaka wa masomo wa siku 194 ni kilomita 1,164, karibu sawa na safari ya basi kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza. Anaitembea kwa miguu, tena kila mwaka, na hakuna safu ya jedwali la magari inayomwonyesha.

Wapo wanaosema mgodi ndio umeleta barabara: halmashauri inapata ushuru wa huduma kutoka mgodini, sheria ya madini tangu 2017 inataka mpango wa huduma kwa jamii ukubaliwe na halmashauri, na lami ya Mogabiri hadi Nyamongo itamnufaisha kila mtu. Nakubali, na barabara ya Tarime–Mugumu, ambayo lami hiyo ni kipande chake, imesubiriwa miaka mingi. Lakini lami ya kwenda mjini haimsaidii mama ambaye shamba lake liko ng'ambo ya uzio. Hizo ni safari mbili tofauti, na nzuri moja haifuti hasara ya nyingine.

Hoja yao ya pili ina nguvu zaidi: njia zifungwe kwa ajili ya usalama. Dampa la mgodini, lori kubwa la kubeba mawe, hubeba tani 90 au zaidi, na tairi lake peke yake ni refu kuliko mtu mzima. Dereva amekaa juu, upande wa kushoto. Mtoto akisimama karibu na tairi la kulia, dereva hamwoni kabisa. Pale kwenye kivuko anasimama mshika bendera. Boza la maji limepita kulaza vumbi, udongo unateleza, na mchungaji anajaribu kuzuia ng'ombe 20 ambao hawaijui bendera. Anayesema watu wasichanganywe na madampa anasema kweli, na mimi simpingi. Ninachodai ni kwamba njia mbadala ikamilike na kupitika masika na kiangazi kabla ya ile ya zamani kufungwa. Palipo na watu wengi lijengwe daraja la juu au la chini. Na lango la dharura lifunguliwe usiku bila mjamzito mwenye uchungu wa kujifungua kusubiri simu ipigwe kwa bosi.

Kuhusu kuhesabu kwenyewe, wataalamu wasije Jumanne mbili za kiangazi wakaondoka. Waje siku ya mnada, waje wakati wa mavuno, waje saa 12 asubuhi watoto wanapotoka. Wenyeviti wa vitongoji watembee nao njia kwa njia, kila njia iwekwe kwenye ramani, na ramani ibandikwe ofisi ya kijiji kwa Kiswahili kabla ya mkutano wa hadhara. Hilo si gharama kubwa kwa mradi wa mabilioni.

Mnaosema tathmini za sasa zinatosha, naomba mnijibu hili kwanza: njia ya miguu haiko kwenye fomu ya uthamini wala kwenye mtandao wa barabara za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Itahesabiwa wapi, kama si kwenye tathmini ya barabara ya mgodi?