Naomba ushauri: Kibada, Goba au Kibamba, wakati kazi zetu ziko Posta na Upanga

Mwanzisha uzi

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za leo. Mimi na mke wangu tumepanga Sinza, Dar es Salaam, na huu ni mwaka wa tisa tukilipa kodi ya miezi sita sita. Baada ya kuuza sehemu yangu ya shamba la urithi, kwa ridhaa ya ndugu zangu wote, na kuongeza akiba tuliyoweka kidogo kidogo, tumefikisha shilingi milioni 115. Tunataka nyumba ya kuishi sisi wenyewe, wala si ya kupangisha.

Mimi nafanya kazi Posta, upande wa Kivukoni, na ninatakiwa kuwa mezani saa 2:00 asubuhi. Mke wangu ni muuguzi Upanga, zamu zake hubadilika, na zamu ya jioni humtoa kazini usiku. Tuna watoto wawili, mmoja darasa la tatu na mwingine chekechea. Mama yangu mzazi anaishi nasi, na kila mwezi huhudhuria kliniki ya shinikizo la damu. Gari letu ni moja na ni dogo.

Tumeona nyumba tatu. Ya kwanza iko Kibada, Kigamboni: imekamilika, ina vyumba vitatu na uzio, kiwanja kimepimwa, na mwenye nyumba anasema hati ipo; bei ni milioni 112, maana yake tutabaki mikono mitupu. Ya pili ni pagale Goba, limeezekwa lakini halina madirisha, sakafu wala umeme. Bei ni milioni 60, na hati tumeambiwa "iko njiani". Ya tatu ni nyumba ya zamani lakini imara huko Kibamba, si mbali na Barabara ya Morogoro, kwa milioni 85, na karatasi zake ni za mauziano yaliyoshuhudiwa serikali ya mtaa.

Madalali wote watatu wametuambia kwamba mpaka mjini ni dakika arobaini. Tulipima njia zote tatu Jumapili mchana, na ni kweli ilikuwa kama dakika arobaini. Hapo ndipo hofu yangu ilipoanzia, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu anayekwenda kazini Jumapili mchana. Ninyi mnaoishi huko, ni jambo gani mngelitazama kwanza kama mngekuwa mnanunua leo?

Mkazi wa Kibada

Kaka, karibu Kigamboni, lakini ingia ukijua unachokinunua. Huku maisha yetu yanategemea maji tunayoyavuka. Zipo njia tatu za kutoka. Ya kwanza ni pantoni ya Magogoni, ambayo kwa mtu wa Kivukoni kama wewe ndiyo fupi kuliko zote, kwa kuwa ukishashuka unatembea kwa miguu mpaka kazini. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache; kungoja ndiko kunakokula muda, hasa unapokuwa na gari, na siku ambayo kivuko kimoja kiko matengenezoni foleni ya watu hufika mbali. Njia ya pili ni Daraja la Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2016 na kututoa upande wa Kurasini. Tozo yake ilipunguzwa mwaka 2022, lakini iweke katika bajeti yako kama unavyoweka luku na maji. Njia ya tatu ni ya kuzunguka kwa nchi kavu kupitia Kongowe hadi Barabara ya Kilwa, na hiyo tunaitumia pale tu mbili za kwanza zinapokwama.

Mimi nimezoea kuliacha gari nyumbani. Napanda daladala hadi Ferry, navuka kwa miguu, na jioni narudi hivyo hivyo. Kwa mtu anayefanya kazi Posta utaratibu huu unafaa sana, ila kwa shemeji anayetoka zamu ya usiku Upanga, ambaye atahitaji usafiri wa kufika Magogoni, kisha kivuko, kisha usafiri mwingine hadi Kibada, lifikirini jambo hilo pamoja kabla hamjatoa fedha. Nasema hivi kwa sababu nyumbani kwangu tulilifikiria tukiwa tumeshahamia.

Kuhusu mpangilio wa mitaa hutajuta. Sehemu kubwa ya Kibada ilipimwa katika mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002, hivyo barabara za mitaa zipo na jirani hakujengei ukuta dirishani. Uliza pia kuhusu maji. Visima vingi vya watu binafsi karibu na pwani hutoa maji ya chumvi, na ingawa visima virefu vya Kisarawe II vimeleta nafuu, usiridhike na kuona bomba limesimama uani. Lifungue, uonje maji yake, na umuulize jirani hutoka siku ngapi kwa wiki.

Mkazi wa Goba

Naomba nimtetee Goba kidogo, kwa sababu katika maeneo hayo matatu ndiyo peke yake inayokuacha uchague barabara kila asubuhi. Unaweza kupita Makongo ukatokea upande wa Mwenge, unaweza kushuka Tangi Bovu ukaingia Barabara ya Bagamoyo, na unaweza kwenda Mbezi Luis ukashika Barabara ya Morogoro. Njia moja ikifunga, unageuza gari.

Hata hivyo, pagale hilo la milioni 60 linanitia wasiwasi. Milioni 55 zinazobaki zinaonekana nyingi mpaka uanze kununua madirisha, milango, vigae, nyaya, mabomba, karo la maji machafu na uzio, na wakati huo wote bado mnalipa kodi Sinza. Mimi nilihamia nyumba yangu ikiwa na milango miwili tu, na nilikaa hivyo miaka mitatu. Mnaweza kuvumilia ninyi wawili, lakini mama mwenye shinikizo la damu na mtoto wa chekechea kwenye sakafu ya vumbi ni habari nyingine. Jambo jingine ni kwamba Goba ni vilima na mabonde. Nyumba iliyo mita mia mbili tu kutoka lami inaweza kuwa chini ya mteremko ambao wakati wa masika bodaboda hukataa kuushuka. Nendeni mkaone wakati mvua inanyesha.

Mama wa Mbezi

Nimesoma majibu yote na nimeona tunazungumzia safari ya baba na safari ya mama. Safari ya watoto haijaguswa. Sisi tulihamia huku watoto wakiwa wanaendelea na shule ileile ya mjini, kwa kuwa ilikuwa nzuri na tulikuwa tumeshalipa ada ya mwaka. Gari la shule lilikuwa linapita saa 10:45 alfajiri. Binti yangu wa miaka sita alikuwa anaamshwa saa 10:15, anavalishwa sare akiwa bado amelala, na uji wake anaunywea ndani ya gari. Alikuwa anarudi saa 12:00 jioni na kusinzia juu ya daftari. Nilivumilia hali hiyo miezi minane, na mpaka leo nikiikumbuka roho inaniuma, kwa sababu nyumba niliyoinunua kwa ajili yake ndiyo iliyomnyima usingizi.

Kwa hiyo, baba, kabla ya kuchagua nyumba, chagua shule. Tafuteni shule ambayo watoto wataifikia kwa miguu au kwa bajaji ya dakika kumi kutoka kila nyumba mliyoiona, muingie ndani, mzungumze na walimu. Ikiwa Kibada ipo na Kibamba haipo, basi tofauti ya bei ya nyumba hizo mbili haina maana tena. Ninyi watu wazima mnaweza kusafiri saa moja na nusu na mkapona, lakini mtoto hakui vizuri akiwa barabarani.

Kuhusu Kibamba yenyewe, Barabara ya Morogoro imepanuliwa kutoka Kimara hadi Kibaha na gari hutembea vizuri mpaka mnapokaribia Kimara. Kutoka hapo kuna mabasi ya mwendokasi hadi Kivukoni, njia iliyoanza kazi mwaka 2016, ila mvua kubwa ikinyesha na Mto Msimbazi ukafurika pale Jangwani, safari hukatika na kila mtu anatafuta pa kupita. Watu wa huku tunasikiliza mvua usiku na kujua asubuhi itakuwaje.

Mpima ardhi mstaafu

Kijana wangu, wenzangu wamekueleza barabara vizuri, nami nitabaki kwenye karatasi, kwa sababu foleni unaweza kuizoea lakini nyumba yenye mgogoro huizoei.

Chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, ardhi yote ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais. Unachonunua ni haki ya kuimiliki kwa muda, na muda huo umeandikwa kwenye hati, iwe miaka 33, 66 au 99. Kwa hiyo nyumba ya Kibada, mwombe mwenye nyumba nakala ya hati na usome miaka iliyobaki, kisha uombe taarifa rasmi za umiliki kwa Msajili wa Hati. Taarifa hizo zitakuonyesha jina la mmiliki, na kama ipo rehani au zuio lolote. Usikubali kuonyeshwa hati kwenye simu. Hakikisha pia kodi ya pango la ardhi imelipwa, na kwamba mke au mume wa muuzaji ametoa ridhaa yake kwa maandishi, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya familia iuzwe na mwenzi mmoja kwa siri. Kama muuzaji anasema nyumba ni ya marehemu baba yake, muulize uteuzi wake wa usimamizi wa mirathi uko wapi na mahakama gani iliutoa.

Kuhusu Goba, maneno "hati iko njiani" yana maana nyingi. Inawezekana upimaji umekamilika na namba ya kiwanja na kitalu ipo, jambo ambalo unaweza kulithibitisha halmashauri. Inawezekana mtaa uko katika urasimishaji, yaani makazi yaliyojengwa bila kupimwa ndiyo kwanza yanapimwa, na ramani haijaidhinishwa. Inawezekana pia mchoro wa mipango miji umeliweka eneo hilo kuwa la wazi au la shule, na hapo hati haitafika kamwe. Mwambie akupe namba. Asipokuwa na namba, basi hakuna kilicho njiani. Na kama kuna mto au korongo jirani, pima mita 60 kutoka ukingoni, kwa sababu Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia ujenzi ndani ya hapo.

Kibamba ndiko ninakotaka uende polepole zaidi. Serikali ya mtaa inaweza kushuhudia kwamba fulani amemuuzia fulani, na ushahidi huo una thamani yake, lakini mwenyekiti wa mtaa hagawi umiliki na muhuri wake si hati. Isitoshe, wewe mwenyewe umesema nyumba haiko mbali na barabara kuu. Mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa kwa kuwa zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara, na miongoni mwa wenye nyumba hizo walikuwemo watu waliokaa hapo miaka mingi wakiwa na umeme na maji. Mlipe mpima aliyesajiliwa asimame pale na vifaa vyake akuonyeshe mpaka wa hifadhi ulipo. Gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na milioni 85.

La mwisho kwangu ni kodi. Kodi ya ongezeko la mtaji ni wajibu wa muuzaji, lakini pasipo stakabadhi yake hati haihamishiki kuja kwako. Wakili aandike ndani ya mkataba nani atalipa na lini, na sehemu ya fedha ibaki mkononi mwako mpaka uhamisho ukamilike.

Mchangiaji wa Tegeta

Mimi nilinunua nyumba mwezi wa nane. Uwanja ulikuwa mkavu, ukuta umepakwa rangi mpya, na nilifurahi. Mwezi wa nne maji yalifika magotini sebuleni, ndipo nikagundua kwamba rangi ile ilikuwa imeficha mstari wa maji ya miaka iliyotangulia. Wahoji wapangaji wa jirani, maana wao hawana wanachouza.

Mwanzisha uzi

Nawashukuru sana, na nimeona niwape mrejesho kwa kuwa mmetumia muda wenu kwa ajili ya familia msiyoifahamu.

Goba tumeiacha. Nilimwomba muuzaji namba ya kiwanja mara tatu, na mara ya tatu hakupokea simu. Kibamba mke wangu aliipenda, na mpima alituthibitishia kwamba nyumba iko nje ya hifadhi ya barabara, ila tulizunguka siku nzima tukitafuta shule ya karibu tuliyoiridhia, hatukuipata.

Jumatatu iliyopita tulilala kwa rafiki yetu Kibada ili tuondoke asubuhi kama wakazi. Mvua ilikuwa inanyesha. Mimi nilitoka saa 11:30 alfajiri kwa daladala na pantoni, nikafika ofisini saa 1:05. Mke wangu alipita darajani na gari akafika Upanga saa 1:20, na usiku, baada ya zamu, alitumia dakika hamsini kurudi. Tumekubaliana kwamba gari litakuwa lake, mimi nitakuwa mtu wa pantoni. Shule tuliyoipata iko umbali wa kutembea, na mama amepata kituo cha afya cha kuhudhuria kliniki bila kuvuka maji.

Taarifa kutoka kwa Msajili wa Hati zimetoka juzi, na zimeonyesha kwamba hati ya Kibada bado ina rehani ya benki. Muuzaji anasema deni lilikwisha miaka miwili iliyopita na kwamba alisahau kuiondoa. Inawezekana anasema kweli, na hatujamtilia shaka mbele yake, lakini wakili wetu amemwandikia barua kwamba hatutasaini chochote mpaka rehani hiyo iwe imefutwa katika daftari la msajili. Muuzaji amesema atakwenda benki wiki hii. Mzee wangu mpima, naomba uniambie: rehani ikishafutwa, je, niombe taarifa upya kabla ya kusaini, au ile nakala ya kufutwa kwake inatosha?

Mpima ardhi mstaafu

Omba upya, na uiombe siku chache kabla ya kusaini. Taarifa ya mwezi uliopita inakueleza hali ya mwezi uliopita, na kati ya hapo mtu anaweza kuandikisha zuio jingine.