Mkakati wa utafiti wa teknolojia ya anga: mnaota teksi za kuruka, ukungu wa Songwe mmemwachia nani?

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, mwenye haraka apite. Mods, naomba msiuunganishe na ule wa bei za tiketi, hoja yangu ni nyingine.

Jumanne ya wiki iliyopita nilipanda ndege ya saa 12 asubuhi kutoka Dar kuja Mbeya. Mimi ni fundi wa majokofu. Kwenye begi la mkononi nilikuwa na bodi ya kompresa ya chumba baridi cha mteja wangu kule Tukuyu. Kilizima Jumapili na ndani kimejaa parachichi za watu. Nauli ya ndege aliilipa yeye, si kwamba mimi ni mtu wa kupanda ndege hovyo. Alitaka bodi ifike kabla ya saa nne.

Saa 1 na nusu tuko juu ya Songwe, uwanja wa ndege wa Mbeya. Milima ya Mbeya yote unaiona, Loleza ile pale, jua linawaka, anga ni la bluu kabisa. Ukitazama chini sasa, ni kama mtu kamwaga maziwa kwenye sinia, hakuna barabara, hakuna bati, hakuna uwanja. Rubani akatangaza kwamba anasubiri ukungu upungue. Tukazunguka. Mama niliyekaa naye akatoa rozari. Tukazunguka tena. Baada ya kama nusu saa nikaona jua limehamia dirisha la upande wa pili, nikajua tumegeuza. Saa 3 na nusu niko Dar, kwenye kiti kile kile nilichonywea chai alfajiri.

Mchana tukaambiwa ndege imepangiwa safari nyingine, tutaondoka kesho "kutegemea hali". Nikaenda Mbezi kupanda basi la jioni. Zaidi ya kilomita 800, Kitonga tumekwama nyuma ya malori, Makambako usingizi, Uyole nashuka miguu imevimba. Nilipofika Tukuyu mteja alinifungulia mlango wa chumba bila kusema neno. Harufu ilisema. Zilizokuwa zipande meli ziliishia Sokomatola kwa bei ya kutupa.

Sasa nieleweke. Rubani yule simlaumu hata kidogo, nikimwona nitamnunulia soda. Tarehe 6 Novemba 2022 sote tuliona Bukoba: ndege ilijaribu kutua hali ya hewa ikiwa mbaya, ikaingia Ziwa Victoria, watu 19 kati ya 43 wakafa, na waliotangulia kuwafikia ni wavuvi na mitumbwi yao. Rubani anayesema "sioni, narudi" ni rubani wa kuombewa maisha marefu.

Hasira yangu ilianza Alhamisi.

Alhamisi nilialikwa kwenye kikao cha wadau, hotelini hapa hapa Mbeya. Taasisi siitaji, sitaki kesi. Kazi ilikuwa kukusanya maoni kuhusu mwelekeo wa utafiti wa teknolojia ya usafiri wa anga kwa miaka ijayo. Nikasema Mungu si Athumani, mimi huyu huyu ambaye miguu bado inauma.

Mtoa mada akawasha projekta. Teksi za umeme zinazopaa wima. Ndege za haidrojeni. Akili mnemba ya kuongoza ndege. Kulikuwa na picha ya jiji zuri lenye vyombo vinaruka katikati ya maghorofa, lakini ukiikazia macho, kibao cha mtaa kule nyuma kimeandikwa Kijerumani. Hilo ndilo jiji letu la kesho. Rasimu walikuwa wametutumia kwenye simu, nikaingia kwenye sehemu ya kutafuta maneno nikatafuta ukungu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Haumo. Songwe ipo mara moja, kwenye orodha ya viwanja.

Nikanyoosha mkono nikasimulia ya Jumanne. Jibu: "Mkuu, hiyo changamoto ni ya kiutendaji, siyo ya kitafiti."

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Ukungu utabiriwe vipi saa sita kabla ya ndege kuondoka Dar, hilo ni swali la kiutendaji? Unaanzia upande gani wa uwanja, unakaa saa ngapi, miezi gani, kwa nini siku nyingine Mbalizi kweupe na uwanjani hakuonekani kitu, haya maswali yanajibiwa na karani wa tiketi?

Uwanja wa Songwe ulianza kutumika Desemba 2012. Njia ya kurukia ina kilomita 3.3, kitu kikubwa. Halafu ukakaa miaka mingi bila taa za njia hiyo, ndege zikawa za mchana tu. Taa tulizipigia kelele mpaka zikaja, na jengo la abiria nalo. Asanteni. Lakini taa na jengo unanunua. Ujuzi wa hewa ya mahali fulani hauuzwi popote, lazima ukae hapo hapo uupime.

Na msinidanganye kwamba mitambo ya kutua inamaliza kila kitu. Hata penye mitambo ya redio ya kumwongoza rubani, kwa mitambo ya daraja la kwanza anatakiwa awe ameona taa akifika futi 200 juu ya ardhi, na uonekano kwenye njia ya kurukia usipungue mita 550. Ukungu ninaoujua mimi, mtu akisimama mita 50 unaona tochi yake tu.

Nasema mita 50 kwa sababu tumepima. Mwaka jana nilikuwa na mwanafunzi wa fildi kwenye karakana yangu, binti, kichwa chake kinachemka muda wote. Alinunua tochi ya leza Mwanjelwa, akaunga na kihisi cha mwanga na betri ya pikipiki. Leza upande huu, kihisi upande ule, mita 50 katikati. Ukungu ukija mwanga unafika umefifia, namba inashuka. Mtambo huo tukaufunga kwa mzee mmoja ambaye shamba lake la mahindi liko jirani na uwanja. Siku ya kwanza nilimpa shikamoo nikamweleza, akacheka. "Mwanangu, hiyo mashine itakwambia ukungu umeshafika. Mimi nakwambia jana yake. Mvua ikinyesha mchana, usiku nyota zikawaka na majani hayatikisiki, asubuhi hapa huoni ng'ombe wako."

Binti akayaandika yote kwenye daftari la kaunta: mvua ya jana, nyota, upepo, halafu saa ukungu ulipoanza na saa ulipokatika. Miezi minne. Mzee hakukosea mara nyingi. Na sababu yake inajulikana, siyo uganga: usiku usio na mawingu ardhi inapoteza joto haraka, hewa yenye unyevu iliyotulia juu yake inapoa, mvuke unageuka matone. Upepo kidogo tu ukivuma, hesabu inabadilika. Sasa hiyo "kidogo tu" ni kiasi gani pale Songwe? Hapo ndipo penye utafiti, jamani. Vipimo vya upepo na unyevu kuzunguka uwanja, watu wawili watatu wenye akili kama ya yule binti, misimu mitatu ya mvua.

Daftari tukalipeleka ofisi moja. Wakashtuka kusikia leza karibu na uwanja wa ndege, wakaamuru iondolewe siku hiyo hiyo. Sawa, hapo walikuwa na haki, leza ikimpiga rubani machoni ni balaa, na mimi mtu mzima nilitakiwa nilifikirie hilo kabla. Yetu ilikuwa imelala usawa wa kiuno lakini sibishani. Kilichoniuma ni kwamba daftari halikufunguliwa. Lilikaa mezani dakika zote tulizokuwa tunagombezwa, kisha binti akaambiwa aandike barua kupitia chuoni kwake. Aliandika. Kamaliza chuo, sasa anauza vocha na kuchaji simu Mafiati.

Wale wa "nchi maskini, utafiti wa anga tuwaachie wazungu", njooni tuongee. Uyole pale, kwenye barabara kuu, kuna kituo cha utafiti wa kilimo. Maharage ya Njano Uyole mnayokula hayakushuka kutoka mbinguni. Watu walikaa wakauliza udongo huu na baridi hii vinataka mbegu gani, wakapata jibu, likaenda shambani. Hakuna aliyewaambia maharage ni suala la kiutendaji.

Tena nikubaliane na nyie nusu. Injini tuwaachie. Desemba 2018 tulikuwa wa kwanza Afrika kupokea Airbus A220-300, tukapiga vigelegele. Injini zake za PW1500G zikaleta kasoro, na kufikia 2022 baadhi ya ndege zetu zikawa zimepaki. Hapo hatukuwa na la kufanya zaidi ya kumlalamikia mtengenezaji, kwa sababu kutengeneza injini hatujui na kesho hatutajua. Mtengenezaji ana wateja dunia nzima wanaomsukuma, atarekebisha tu. Lakini ukungu wa Songwe nani mwingine anamsukuma nani? Hakuna mtu Connecticut, kule Marekani kwa watengenezaji wa injini zile, anayeamka usiku kuuwaza.

Wenzetu wanajua cha kuchagua. ASECNA, lile shirika lenye makao Dakar linaloongoza ndege kwenye anga la nchi za Afrika Magharibi na Kati, walianza kurusha mawimbi ya majaribio ya setilaiti mwaka 2020, ya kusahihisha makosa ya GPS. Januari 2021 wakayaonyesha kwa ndege halisi kule Lomé, Togo. Faida yake ni kwamba rubani anaongozwa kushuka kwa usahihi, hata kimo, bila kujenga mitambo ya redio kwenye kila uwanja mdogo. Mawimbi hayo hayaondoi ukungu, ila rubani anakaribia chini zaidi kabla ya kuamua kugeuza. Kwa viwanja kama Nduli ya Iringa, Songea na Sumbawanga hiyo ni lulu. Na mradi wenyewe wameuita ANGA! Ni kifupi cha maneno ya Kiingereza, lakini jina ni letu, teknolojia iko kwao. Nilicheka peke yangu pale hotelini.

Au vukeni Kasumulu tu. Malawi, 2017, pamoja na UNICEF walitenga eneo la majaribio ya droni kule Kasungu, nusu kipenyo kilomita 40, kimo hadi mita 400, mwenye wazo aje ajaribu. Januari 2020 wakafungua chuo cha droni Lilongwe. Sisi Agosti mwaka huo huo wa 2017 tulitangaziwa droni za damu na dawa, vituo vinne, zahanati na hospitali zaidi ya 1,000. Mimi ninayepanda Isangati na Busokelo na bodaboda kutengeneza friji za chanjo sijaiona hata moja ikipita juu.

Wazungu ambao tunawanakili picha zao, mkakati wao waliuanzia kwa abiria. Ulaya mwaka 2011 waliandika lengo kwamba ifikapo 2050, asilimia 90 ya wasafiri wa ndani ya Ulaya watoke mlangoni kwao mpaka mlango wanakokwenda ndani ya saa 4. Ndipo wakajiuliza teknolojia gani itawafikisha hapo. Mimi Jumanne kutoka mlango wa gesti Dar mpaka mlango wa chumba baridi Tukuyu nilitumia zaidi ya saa 24, na karibu 4 kati ya hizo nilikuwa angani nikarudi nilikotoka.

Suala la hela nitaligusa juu juu, linanichosha. Nchi za Afrika zilikubaliana Khartoum mwaka 2006 zitenge asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Tume ya Sayansi na Teknolojia tunayo tangu 1986. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kiko hapa hapa Iyunga, ndege zinazosubiri ukungu unaziona ukiwa darasani. Chai na maandazi ya kile kikao cha Alhamisi, na chumba chenye kiyoyozi (Mbeya, mwezi wa sita, kiyoyozi!), ingetosha kununua vipimo vya upepo vya kuanzia.

NYONGEZA: Kuna mkuu kaniuliza PM kama daftari bado lipo. Lipo, liko kabatini kwangu, limeloa kona moja tu. Kama kuna mtu humu yuko kwenye hiyo timu ya rasimu, maoni yanapokelewa mpaka Ijumaa, nimelipiga picha kurasa zote na nimezituma kwenye anwani mliyotupa. Barua pepe imerudi mara mbili, inasema kisanduku kimejaa.