Naomba ushauri: moshi wa kukaangia samaki na vifua vya watoto

Wenzangu, habari zenu. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Obunga, Kisumu, panapokaangwa mgongo wazi, yaani mifupa ya samaki inayobaki baada ya minofu kutolewa. Akina mama hukaanga kwa kuni mchana kutwa, mtoto mgongoni, moshi usoni. Mtoto hupumua haraka kuliko mtu mzima, kwa hivyo huvuta moshi mwingi zaidi kwa kila kilo ya uzito wake. Kifua kikibana anapelekwa kliniki, anapewa dawa, anarudishwa palepale.

Nikimwambia mama aache, watakula nini? Gesi wanaisifu, ila mtungi ukiisha ndio basi.

Nawaza tuhamishe meko nje, lakini mchana upepo hutoka ziwani na usiku hugeuka. Mliofanikiwa, mliyaweka upande gani? Na kliniki zenu huuliza mama anapikia nini?