Naomba ushauri: nataka kutulia na samaki nikiwa safarini

Habari zenu wakuu. Mwezi ujao nitakuwa Atlanta, Marekani, kikazi, na nitabakiwa na siku moja kabla ya kurudi. Maduka na maghorofa yamenichosha. Nataka kukaa tu nitazame samaki. Nimeiweka akilini Georgia Aquarium, jumba la maonyesho ya samaki hapo Atlanta, lililofunguliwa 2005. Tangi lake kubwa lina zaidi ya lita milioni 20, na limejipatia jina kwa kufuga papa potwe, yule mwenye madoa meupe mgongoni, ambaye pamoja na mwili wote ule hula planktoni (vijiumbe vinavyoelea majini) na visamaki.

Wasiwasi wangu ni kelele. Mliowahi kufika, watu huwa wachache saa ngapi, asubuhi wakifungua au jioni? Mtu anaweza kukaa saa nzima mbele ya kile kioo bila kusukumwasukumwa?

Halafu picha. Simu yangu gizani hutoa ukungu mtupu, na flashi huakisi kwenye kioo na kuwasumbua viumbe. Au niiache hotelini? Mke wangu ataninunia, ila nitavumilia.